Jibu kwa msomaji: Wimbo wa nyumba inayoungua, je, uimbwe harusini?

Dada mmoja wa Katuba, mwimbaji katika orkestra inayopiga kwenye harusi hapa Lubumbashi, ametuandikia hivi: «Mwezi ujao tuna harusi. Bwana na bibi harusi wametuomba tuwaimbie "Love the Way You Lie" wa Eminem na Rihanna wakati wa kufungua dansi, kwa sababu ndio wimbo waliokuwa wakiusikiliza pamoja walipoanza kupendana. Mimi ndiye nitakayeimba sehemu ya mwanamke. Kiingereza changu si kingi, lakini nimeelewa kiasi cha kuogopa. Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, aliishi miaka sita na mwanamume aliyekuwa akimpiga kisha akimwomba msamaha, na kila nikijaribu kile kiitikio ninamwona yeye. Je, wimbo huu unasifu kupigwa au unakataza? Na je, niuimbe?»

Dada yangu, nimefundisha uimbaji katika jiji hili kwa zaidi ya miaka 20, na wimbo huu nimeusikia katika mazoezi mara nyingi kuliko nyimbo nyingi za kigeni. Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa harusi ina tarehe yake na haitangoji maelezo yangu: usiuimbe pale. Sababu zake ni ndefu, nazo zimo ndani ya wimbo wenyewe, kwa hiyo nakuomba tuufungue pamoja polepole, kwa namna ambayo utaweza kumweleza bibi harusi bila kumwaibisha.

Wimbo ulitoka mwaka 2010, katika albamu ya Eminem iitwayo "Recovery", ukakaa wiki 7 katika nafasi ya kwanza ya orodha ya Billboard ya Marekani. Kiitikio kilitungwa na mwanamke, Skylar Grey, juu ya muziki wa mtayarishaji Mwingereza Alex da Kid. Waliouimba hawakuchaguliwa ovyo. Mwezi Februari 2009 Rihanna alikuwa amepigwa na mpenzi wake wa wakati ule, naye pia mwimbaji, na picha ya uso wake uliovimba ilizunguka dunia nzima. Eminem alikuwa amemwoa mwanamke mmoja mara 2 na kuachana naye mara 2. Waliousikia wakati ule walijua haya yote, na kwa hiyo sauti ya Rihanna, yule binti wa Barbados, haikuwa kwao sauti ya mwigizaji tu. Sisi tulioupokea kupitia simu na redio za teksi tulipokea melodi kwanza, na maana ikabaki nyuma.

Melodi hiyo ni nzuri sana, na uzuri wake ndio mwanzo wa shida. Chini yake kuna akordi nne, yaani mafungu manne ya noti zinazopigwa pamoja, zinazozunguka tangu mwanzo hadi mwisho: sol minori, mi bemoli, si bemoli, fa. Ukizipiga kwenye gita utasikia kwamba ile fa ya mwisho haipumziki. Inaomba kitu, sikio linangoja ifike nyumbani kwenye si bemoli, lakini wimbo unairudisha katika sol minori, na mzunguko unaanza upya. Mpiga gita wa orkestra yenu akijaribu kuumaliza wimbo bila kupunguza sauti taratibu, atatafuta mahali pa kusimama na hatapaona. Sijui kama watungaji walikaa wakapanga hivyo au mkono uliwaongoza tu. Kwangu mimi nusu ya maana ya wimbo imo katika mzunguko huo, kabla hata ya neno la kwanza kutamkwa.

Sasa maneno. Mwanamke ana kiitikio tu. Anasema, kwa ufupi, kwamba mwenzake atasimama tu na kumtazama akiungua, na kwamba hilo halimsumbui kwa kuwa anapenda linavyouma. Atasimama tu na kumsikia akilia, na halimsumbui kwa kuwa anapenda mwenzake anavyodanganya. Basi. Katika dakika 4 na sekunde kadhaa hapewi sentensi nyingine. Hasimulii kilichotokea, hamjibu mwanamume, hamwambii mtu yeyote afanye nini. Beti tatu zote, yaani habari nzima ya nyumba ile, ziko kinywani mwa mwanamume. Angalia pia jambo ambalo wengi hawalisikii: katika ubeti wa kwanza mwanamke anapotamka kwamba anaondoka, maneno hayo yanatamkwa na mwanamume. Yeye ndiye anayeuliza unakwenda wapi, yeye ndiye anayejibu ninakuacha, na yeye ndiye anayekataa: huendi, rudi hapa. Uamuzi wa mwanamke wa kuondoka unatufikia kupitia koo la yule anayemzuia.

Kwa hiyo, ingawa watu wawili wanaimba, hapa hakuna mazungumzo. Sisi katika Kongo tumezoea namna nyingine ya kuimba ugomvi wa nyumbani. Chukua "Mario" wa Franco na TP OK Jazz wa mwaka 1985, ambao wazazi wako bila shaka wanaujua kwa moyo: kijana mwenye elimu anaishi kwa mgongo wa mwanamke aliyemzidi umri, ugomvi unaijaza nyumba, na juu ya hao wawili kuna sauti ya mtu wa tatu, mtu mzima, anayemwita kijana kwa jina na kumkemea. Msikilizaji anajua asimame wapi kwa sababu mzee amekwisha kusimama pale. Katika wimbo huu wa Marekani hakuna mzee, hakuna jirani anayegonga mlango, hakuna shangazi. Wako wawili na moto. Ndiyo maana umeshindwa kuamua kama unasifu au unakataza: mtu ambaye angesema hivyo hakuwekwa ndani, na kazi yake ameachiwa msikilizaji.

Hata hivyo sikubali kwamba wimbo hauna msimamo. Msimamo wake uko katika kumwacha mwanamume ajieleze mpaka ajifunue mwenyewe, na hapa nataka twende neno kwa neno.

Katika ubeti wa kwanza anasema «mimi». Anajilinganisha na Superman, upepo ukimsukuma mgongoni, siku ambazo mambo ni mazuri. Yakiharibika anaona haya, anauliza yule aliyefanya vile ni nani, hata jina lake halijui, anakiri kwamba alimwekea mwanamke mikono, na anaapa hatashuka tena hadi pale. Katika ubeti wa pili «mimi» inapotea na «wewe» inaingia: umewahi kumpenda mtu hata pumzi ikakupungua? Uliapa hutampiga, na sasa mnasukumana, mnavutana nywele, mnakwaruzana. Si yeye tena anayepiga, ni hasira iliyowashika wote wawili na kuwaongoza. Katika ubeti wa tatu anafika kwenye «sisi»: hasira yako ni mbaya kama yangu, wewe na mimi tu sawa, labda hivi ndivyo inavyokuwa kimbunga kikikutana na volkano. Angalia safari hiyo, dada. Kosa lilianza mikononi mwa mtu mmoja aliyelikiri, likawa la mtu yeyote, likaishia kugawanywa nusu kwa nusu na yule aliyepigwa. Yaya wako atakuwa amesikia hotuba hiyo kwa Kiswahili, pengine jikoni, kabla chai haijachemka.

Kisha kuna maneno mawili ambayo nimeyasomesha mara nyingi. Mwanamume anamwomba mwanamke aingie ndani, aokote mizigo yake kando ya barabara, amtazame machoni asikie ukweli wa sauti yake. Anaahidi kwamba mara nyingine akikasirika, ngumi yake ataielekeza ukutani. Hapo hapo anashtuka kwa alichosema: mara nyingine? Hapana, hakutakuwa na mara nyingine. Amechelewa, neno limekwisha kumtoka. Na sentensi zinazofuata zinalimalizia: anaomba msamaha huku akijua ni uongo, anachotaka ni arudi tu, na akijaribu kuondoka tena atamfunga kitandani na kuichoma nyumba. Katika mstari huo wa mwisho haongei na mwanamke tena. Anasema «yeye», kama anayewaambia watu wengine mpango wake.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na wanafunzi wawili, kijana na binti, waliokuwa wakiuandaa wimbo huu kwa ajili ya tamasha dogo huko Kamalondo. Waliimba vizuri, kijana alikuwa na pumzi za kurap ambazo nilimwonea fahari. Jioni moja umeme ulikatika, vipaza sauti vikafa, na kwa kuwa hatukuwa na la kufanya tukawasha taa ya simu, tukaanza kuandika beti ubaoni kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, kijana akitafsiri na mimi nikiandika. Alipofika kwenye «mara nyingine» alinyamaza. Alipofika kwenye moto aliomba tuutoe mstari ule, akisema watu wa tamasha hawatausikia hata kidogo kwa sababu ni Kiingereza. Binti, aliyekuwa amekaa juu ya meza akila karanga, aliuliza swali ambalo sijalisahau: «Ukiutoa huo, mimi nitakuwa naimba nini?» Alikuwa na haki. Kiitikio kinarudi mara ya mwisho mara tu baada ya tishio la kuichoma nyumba, maneno yaleyale, melodi ileile. Mara ya kwanza kuungua ni mfano, namna ya kusema mapenzi yanauma. Mara ya mwisho ni petroli. Mwanamke hajabadilisha silabi hata moja, na maneno yake yamekuwa maneno ya mtu anayekubali kufa.

Wataalamu wa saikolojia wana jina la mzunguko huu. Mwaka 1979 Mmarekani Lenore Walker, baada ya kuwahoji wanawake wengi waliopigwa na waume zao, aliueleza katika hatua tatu: mvutano unaopanda siku baada ya siku, mlipuko wa kipigo, kisha kipindi cha utulivu chenye machozi, zawadi na ahadi. Si kila nyumba yenye ukatili inafuata hatua hizo kwa mpangilio, na waliokuja baada yake wamelisema hilo. Lakini hatua ya tatu inaeleza kile ambacho jamaa huwa hawakielewi, yaani kwa nini mtu anarudi. Anayerudi hafuati ngumi. Anafuata ile wiki ya maua, ambamo mwanamume ni mpole kuliko alivyokuwa hata siku za uchumba, na anaamini kwamba yule mpole ndiye mume wake wa kweli. Kiitikio cha Rihanna kinaimbwa kutoka ndani ya wiki hiyo. Ndiyo maana ni kitamu, na ndiyo maana naona kwamba waliokilaumu kwa utamu wake walilaumu mahali palipokuwa pa kweli kuliko pote. Mtego usiokuwa na chambo haumkamati mtu.

Jambo jingine ambalo wimbo unalo sawasawa ni wakati. Wanaowahudumia wanawake waliopigwa, hapa kwetu na kwingineko, wanajua kwamba saa za hatari kubwa kuliko zote ni zile za kuondoka na siku zinazofuata, na mwanamume wa wimbo anatoa tishio lake hasa pale mizigo ikiwa barabarani. Ikiwa wewe au mtu wako amewahi kuambiwa neno la aina hiyo, hata kwa kicheko, lisichukuliwe kama hasira ya jioni moja. Anayetaka kuondoka asimtangazie mwanamume siku ya kuondoka. Kadi yake ya kura, vyeti vya watoto na fedha kidogo viwekwe kwa mtu anayeaminika. Na mtu huyo ajue siku na saa. Kupiga na kujeruhi kwa makusudi ni kosa katika kifungu cha 46 cha Kanuni ya Adhabu ya Kongo, na mahari haikuandikwa pale kama kibali.

Nimetaja mahari kwa sababu naogopa tunauonea wimbo wa wageni tukisahau wetu. Kabla ya harusi hiyo, bibi harusi ataketishwa na mama zake na mashangazi, na katikati ya mafundisho mengi mazuri ataambiwa pia: vumilia mwanetu, nyumba ni kuvumilia. Wanaosema hivyo wanampenda, na mara nyingi wanasema juu ya umaskini, ugonjwa, wakwe wagumu, mambo ambayo kweli yanahitaji uvumilivu. Lakini neno halina mpaka. Msichana aliyeambiwa avumilie, bila kuambiwa ni nini hasa asichokivumilia, akiusikia huo wimbo usiku uleule ukumbini, sauti nzuri ikimwambia kwamba kuungua hakusumbui, atasikia mafundisho yaleyale mara mbili. Hapo ndipo penye hofu yangu. Wimbo ukisikilizwa mzima, kwa lugha inayoeleweka, unamfunua mwanamume mwongo. Ukumbini hautasikilizwa hivyo. Beti zitapita kama kelele ya ngoma, pengine protokole, yaani msimamizi wa sherehe, ataomba zikatwe kwa sababu chakula kinapoa, na kitakachobaki masikioni mwa watu mia tatu ni kiitikio peke yake. Kiitikio bila beti ni ushuhuda wa mtu aliyetekwa unaopigiwa makofi.

Kwa hiyo wakikuambia, «basi imba kiitikio tu, kile kizuri», hapo ukatae kwa nguvu zaidi kuliko walipoomba wimbo mzima.

Namna ya kukataa ina uzito wake. Usiwapelekee ujumbe wa simu, na usimtume kiongozi wa orkestra, kwa sababu itaonekana ni habari ya malipo. Mwombe bibi harusi nusu saa, peke yake, mahali ambapo bwana harusi hayupo na mama wakwe hawapiti. Usianze na habari za kupigwa. Mwulize tu wimbo huo unamkumbusha nini. Inawezekana kabisa atakuambia ni safari ya basi kwenda Likasi, simu moja, spika mbili za masikio, na hakuna zaidi. Watu wengi wanapenda nyimbo ambazo hawajawahi kuzisikia maneno yake, na huyo hana kosa lolote. Kisha umsomee ubeti wa tatu kwa Kiswahili, polepole, hadi ule mstari wa moto, na umwache aseme yeye. Ikiwa atacheka na kusema tubadilishe, mmemaliza. Ikiwa atanyamaza, au atasema kwamba hata mwenziwe huongea hivyo akikasirika, funga karatasi, usahau muziki kwa muda, na uwe dada yake mkubwa kwa hiyo nusu saa iliyobaki. Usimwamulie juu ya harusi. Mpe namba yako, umwambie itapokelewa hata usiku, na usimsimulie mtu.

Kuhusu wewe mwenyewe: unayo haki ya kuukataa wimbo huu hata kama kila mtu ukumbini angeuelewa vizuri. Mwimbaji anaimba kwa mwili wake, na ikiwa kila ukifungua kinywa yaya wako anasimama mbele yako, hiyo ni sababu inayotosha, wala huhitaji kuongezea nyingine.

Lakini huenda siku moja utataka kuuimba kwa ajili yake, mahali pengine, mbele ya watu waliokuja kusikiliza. Siku hiyo uimbe wote, na atakayerap asiruke hata mstari wa ubeti wa tatu. Afadhali mmoja wenu asome tafsiri ya Kiswahili kabla gita halijaanza. Msitazamane. Katika nyimbo nyingine za wawili ninawafundisha wanafunzi wangu kutafuta macho ya mwenzao. Huu unataka kinyume chake, kila mmoja akitazama watu, kwa kuwa hao wawili hawajawahi kusikilizana. Kiitikio cha kwanza kiimbe kwa sauti iliyojaa, na uzuri wote ulio nao, ili watu wakipende. Cha mwisho ondoa mtetemo wa sauti, shusha nguvu hadi iwe karibu kusema, na mpiga gita apige akordi moja moja badala ya kuchezesha vidole. Mkifika kwenye ile fa ya mwisho, ambayo kila mtu anangoja irudi, mwambie aweke kiganja juu ya nyuzi.